Ndege wa Vichakani: Historia ya Zogoyogo wa Ukambani

Mwaka 1900, mjini London, bingwa wa ndege Richard Bowdler Sharpe alichapisha maelezo ya ndege ambaye sayansi ya Ulaya haikuwa imemwandika bado. Kielelezo chake kilitoka Mto Athi, na aliyekikusanya alikuwa ofisa wa kikoloni katika nchi ya Wakamba, Sidney Langford Hinde. Ndege akapewa jina la ofisa huyo. Leo wanasayansi humwita Turdoides hindei, na kwa Kiswahili ni zogoyogo wa Hinde.

Ni ndege wa Kenya peke yake. Hapatikani kwingine popote duniani. Ukanda wake huanzia pande za Meru, hupita kwenye miteremko ya chini ya Mlima Kenya, kisha hushuka hadi Ukambani, ambako ndiko ukingo wake wa kusini. Mwili wake ni wa hudhurungi iliyokolea, manyoya yana kingo nyeupe mithili ya magamba, kiuno kina wekundu wa kutu, na macho ni mekundu. Hakuna wawili waliofanana sawasawa, maana weupe humtokea kila mmoja kwa namna yake. Huishi kwa makundi madogo ya kifamilia, hupekua majani makavu ardhini wakitafuta wadudu, hula matunda ya vichakani, na kundi zima husaidiana kulea makinda. Wakianza kupiga kelele, huitikiana wote kwa pamoja.

Kwa miaka mingi shirika la BirdLife International limemhesabu miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Ng'ambo ya Tsavo, katika Milima ya Taita, kuna ndege mwimbaji aliye katika hali mbaya zaidi: apalisi wa Taita, aliyefika daraja la mwisho la hatari kwa sababu msitu wa mlimani aliouzoea umebaki vipande vipande. Kisa cha huyo watu hukielewa haraka, kwa kuwa msitu ukikatwa kila mtu huona. Zogoyogo hakutegemea msitu. Alitegemea vichaka vya kando ya vijito, makorongo na mipaka ya mashamba, yaani ardhi ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa mali. Ili kuelewa jinsi alivyofika hapa, inabidi tufuate historia ya vichaka vyenyewe, na historia hiyo ndiyo historia ya Wakamba na ardhi yao.

Kabla ya 1889: Vichaka kama ngome

Karne ya kumi na tisa ilipokuwa katikati, Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa bara. Misafara yao ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, ikipita nyika ya miiba. Mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi, aliyekaa Kitui. Mwaka 1849 alimpokea mmisionari Johann Ludwig Krapf, na akiwa huko Kitui ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya kwa mbali, tarehe 3 Desemba.

Miaka miwili baadaye Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Msafara ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf aliponea chupuchupu, akabaki peke yake. Mchana alijificha vichakani na usiku alitembea, hata akafanikiwa kurejea kwa watu. Kisa hicho kinatuonyesha jinsi nchi ilivyokuwa. Kati ya makazi na makazi palikuwa na vichaka virefu, vizito, vyenye migunga, mikole na mikawa, vya kutosha kumficha mtu kwa siku nyingi.

Makazi yenyewe yalikusanyika vilimani, ambako mvua ilikuwa ya kuaminika: Mbooni, Kilungu, Iveti, na kwa upande wa Kitui vilima vya kati na Mutitu. Tambarare za chini ziliachiwa malisho, uwindaji na mizinga ya nyuki. Hata vilimani hapakufyekwa pote. Wakamba walikuwa na mathembo, mahali pa kutolea sadaka, penye mikuyu na miumo mikubwa, ambapo ilikuwa mwiko kukata mti. Ndivyo ardhi ilivyokuwa imepangika: mashamba kwa visehemu, mathembo katikati yake, na vichaka kila palipobaki. Ndege wa vichakani hakuwa na haja ya kulindwa na mtu.

1889 hadi 1901: Reli, sotoka na Ngomanisye

Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga ngome Machakos. Kwa miaka kumi mji huo ulikuwa kituo kikuu cha utawala bara, mpaka Nairobi ilipochukua nafasi hiyo mwaka 1899. Hinde alifika katika kipindi hiki akiwa na historia ndefu nyuma yake. Alikuwa daktari katika jeshi la Dola Huru ya Kongo lililopigana na Waarabu na Waswahili wa Nyangwe na Kasongo kati ya 1892 na 1894, na vita hivyo alivieleza katika kitabu chake cha 1897. Kama maofisa wengi wa wakati wake, alitawala watu huku akikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya.

Nchi aliyoikuta ilikuwa imejeruhiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Kisha, reli ya Uganda ilipokuwa ikipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, mvua zikakatika. Wakamba waliiita njaa ile Ngomanisye. Ilianza mwaka 1897, ikadumu hadi mwisho wa karne, na ndui ikaandamana nayo. Watu wengi walikufa, wengine wakahamia kwa majirani waliokuwa na chakula.

Palipokufa watu na mifugo, mashamba yaliachwa na malisho yakakosa walaji. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hali hiyo ilivipa vichaka nafasi ya kuenea, na mbung'o akaenea navyo. Kwa hiyo huenda Hinde alimkuta zogoyogo katika wakati wa neema kwa ndege na msiba kwa binadamu. Jambo hilo tusilisahau tunaposoma kurasa zinazofuata. Wakamba walipokuja kuvishambulia vichaka, hawakufanya hivyo kwa chuki dhidi ya maumbile. Kwa wazazi wao, kichaka kilichoenea kilikuwa alama ya njaa na maradhi.

1902 hadi 1937: Ardhi inabanwa

Utawala mpya ulichora mipaka. Wakamba waliwekwa katika hifadhi za wenyeji, Vilima vya Mua vikapewa walowezi wa Kizungu, na uwanda wa Yatta, uliokuwa malisho ya akiba wakati wa kiangazi, ukatangazwa kuwa ardhi ya Serikali. Mfugaji aliyezoea kuwahamisha ng'ombe mvua inapohama akajikuta mahali pamoja mwaka mzima.

Wakati huohuo watu walianza kuongezeka tena. Kufikia mwaka 1932, wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilijumuisha Makueni ya leo, ilikadiriwa kuwa na watu 238,000. Mashamba yalipanda miteremko, mifugo ikamaliza majani, na mvua za ghafla zikachimba makorongo. Ofisa wa udongo Colin Maher aliyeichunguza nchi hiyo mwaka 1937 aliona ardhi iliyoelekea kuwa jangwa. Wakubwa wa Nairobi waliona ng'ombe waliozidi kiasi. Wakamba waliona malisho yaliyochukuliwa.

Katika kipindi hiki hiki mgeni mmoja alikuwa akijipenyeza Kenya. Lantana, mmea wa tropiki za Amerika wenye maua ya rangi mchanganyiko, ulipandwa enzi za ukoloni kama pambo na ua wa kuzungushia nyumba. Ndege walikula matunda yake na kusambaza mbegu. Ulimea kando ya njia, kwenye makorongo na katika mashamba yaliyoachwa. Mifugo ikila majani yake hudhurika, kwa hiyo uliachwa ukasongamana palepale ambapo migunga na mikole ililiwa na mbuzi. Siku ilikuwa inakuja ambapo kwa zogoyogo mmea huu wa kigeni ungekuwa makao ya mwisho.

1938: Mwaka wa ng'ombe

Jibu la Serikali kwa mmomonyoko lilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilifunguliwa Mto Athi, na ng'ombe wa Wakamba wakachukuliwa na kuuzwa kwa bei duni. Julai 1938, wanaume, wanawake na watoto wapatao elfu mbili, wakiongozwa na Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, walikwenda Nairobi, wakapiga kambi na kudai kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha mauzo ya lazima.

Ushindi ule uliacha funzo lililodumu kwa vizazi: hifadhi ya ardhi inayoletwa kwa amri huonekana kuwa wizi. Ofisa aliyekuja baadaye kuzungumza habari za udongo, miti au wanyamapori alikutana kwanza na kumbukumbu ya 1938. Yeyote anayetaka kuokoa ndege katika shamba la Mkamba anapaswa kuanza kwa kuujua mwaka huo.

1945 hadi 1963: Makueni inafunguliwa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mkakati ulibadilika. Kwa kuwa ng'ombe hawakuweza kupunguzwa, ilibidi ardhi iongezwe. Kuanzia mwaka 1946 mpango wa makazi wa Makueni ulianza kufungua tambarare za kusini. Kikwazo kilikuwa mbung'o, na mbung'o aliishi vichakani. Basi vichaka vikafyekwa. Kazi ilifanywa kwa mashine na kwa nguvu za watu, na familia zilizohamia zilipewa mashamba pamoja na masharti ya idadi ya mifugo na namna ya kulima.

Hapa ndipo historia ilipogeuka. Tangu zamani kichaka kilikuwa kimebaki kwa sababu hakuna aliyekihitaji. Sasa, kwa mara ya kwanza, kukiondoa kukawa sera ya Serikali yenye bajeti na vifaa, na sababu yake ilikuwa nzuri: afya ya mifugo, na makazi ya watu waliobanwa vilimani.

Vilimani nako matuta yalichimbwa. Mwanzoni yalikuwa kazi ya kushurutishwa na yalichukiwa. Baadaye Wakamba walirudia desturi yao ya mwethya, vikundi vya majirani wanaosaidiana zamu kwa zamu, wengi wao wakiwa wanawake. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, yalienea kutoka shamba hadi shamba. Miaka ya 1950 Wakamba waliruhusiwa kupanda kahawa, na mabonde yenye maji kando ya vijito yakapata thamani ambayo hayakuwahi kuwa nayo. Hayo ndiyo mabonde ya zogoyogo.

1963 hadi 1994: Ushindi wa jembe

Uhuru uliondoa vizuizi vya kuhama. Familia zilishuka Yatta, Makueni, Kibwezi na mashariki ya Kitui zikitafuta ardhi. Kufikia sensa ya 1989 Machakos, pamoja na Makueni, ilikuwa na watu 1,393,000, karibu mara sita ya wale wa 1932. Mwaka 1992 Makueni ikawa wilaya yake yenyewe.

Ajabu ni kwamba ardhi haikufa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti uliosomwa duniani kote, wakionyesha kwamba watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua. Matuta yalizuia udongo, miti ilipandwa mashambani, na mazao yaliongezeka. Nchi ambayo Maher aliihukumu kuwa jangwa ilikuwa imeokolewa na wakulima wenyewe, kwa mikono yao. Kila Mkenya anapaswa kujivunia hilo.

Lakini mafanikio hayo yalihesabiwa kwa vipimo vya mkulima. Mti uliopandwa ulihesabiwa, tuta lilihesabiwa, gunia la mahindi lilihesabiwa. Kichaka hakikuwa na mahali pa kuandikwa katika hesabu hiyo. Kipande cha mwisho cha ardhi kilichotwaliwa kilikuwa kile cha pembeni: ukingo wa kijito ulioweza kuwa shamba la mboga, korongo lililoweza kuota majani ya ng'ombe, mpaka ulioweza kupandwa mgrivilea. Shamba lililotunzwa vizuri likawa shamba lisilo na mahali pa ndege wa vichakani kujengea kiota.

1999 hadi 2011: Wanaotafuta makundi

Karne ilipokaribia mwisho ndipo zogoyogo alipopata watu wa kumfuatilia. Mwaka 1999 Leon Bennun na Peter Njoroge walichapisha orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya, maeneo 60 kwa jumla. Mengi ni mbuga, misitu na maziwa. Lakini matatu yaliingizwa kwa ajili ya zogoyogo, na yote ni nchi ya wakulima: mabonde ya Mukurweini, mabonde ya Kianyaga, na mabonde ya Machakos. Ilikuwa hatua ya ujasiri kusema kwamba shamba la mtu, lenye kahawa na migomba, linaweza kuwa na uzito wa hifadhi.

Walikuwa na sababu. Ingawa ndege huyu hupatikana pia katika Mbuga ya Meru na hifadhi ya Mwea, sehemu kubwa ya maisha yake hupita nje ya eneo lolote linalolindwa na askari. Watafiti waliotembea mabonde hayo waligundua jambo lililowasumbua: makundi mengi yalikaa ndani ya lantana. Vichaka vya asili vilikuwa vimekwisha, na mmea wa kigeni unaolaumiwa kwa kuharibu malisho ndio uliowafunika makinda. Ukiung'oa lantana bila kupanda kingine, unamfukuza ndege. Ukiuacha, unamkera mkulima.

Philip Shaw na wenzake wa Kenya waliyarudia maeneo hayo kati ya 2000 na 2011. Walichokiona kilikuwa wazi: vichaka vilipopungua katika sehemu fulani, idadi ya mazogoyogo ilipungua papo hapo; vilipoota tena, ndege waliongezeka. Hatima ya ndege huyu haiamuliwi na tukio moja kubwa. Huamuliwa kila msimu, kwa panga, na mtu mmoja katika kona moja ya shamba lake.

2010 hadi leo: Mchanga, makaa na kaunti

Katiba ya 2010 iliunda serikali za kaunti, na maamuzi ya ardhi yakasogea karibu na mwananchi. Kufikia sensa ya 2019 Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Shinikizo lilikuwa limepata sura mpya. Nairobi iliyokuwa ikijengwa usiku na mchana ilihitaji mchanga wa mito ya Ukambani na makaa ya miti yake. Malori yalishuka hadi mitoni, kingo zikabomoka, na mimea ya kando ya maji ikaenda na mchanga.

Kaunti zilijibu. Mwaka 2015 Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Mwanzoni mwa 2018 Gavana Charity Ngilu wa Kitui alipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Hatua hizo zilileta ugomvi na wafanyabiashara, na ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 ulizijaribu zaidi, kwa maana mazao yakikauka makaa ndiyo mshahara unaobaki. Hata hivyo zilithibitisha kwamba ukingo wa mto ni mali ya umma yenye kutetewa.

Pamoja na sheria kulikuwa na kazi ya mikono. Tangu miaka ya 1970 vikundi vya Utooni, na baadaye shirika la SASOL huko Kitui, vimejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia. Ukuta wa zege hukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga miezi mingi baada ya mvua kwisha. Maji hayo huwanywesha watu na mifugo, na hupenya kingoni. Kingo zenye unyevu huota mimea, na mimea hiyo, ikiachwa, huwa kichaka. Bila kumfikiria ndege yeyote, mwethya wa Ukambani umeunda mazingira ambamo makao ya zogoyogo yanaweza kurudi.

Kilichobaki ni kuamua kuyaacha yarudi. Kanuni za maji za Kenya tayari zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mito usilimwe. Kanuni za misitu ya mashambani za 2009 zinataka asilimia 10 ya shamba iwe na miti. Zote mbili ni njema, na zote mbili hutimizwa mara nyingi kwa safu ya mikalitusi au migrivilea iliyonyooka, ambayo chini yake hakuna kitu. Kaunti zikiruhusu mikole, mikawa na vichaka vingine vya asili vihesabiwe pamoja na miti, na lantana iondolewe hatua kwa hatua baada ya vichaka hivyo kukua, mkulima hatapoteza hata tuta moja kwa ajili ya ndege. Atapata matunda ya mikole, kuni, maua ya nyuki zake, na ukingo usiobomoka.

Historia ya miaka 175 inaonyesha kwamba amri peke yake haikuwahi kushinda Ukambani, na mwethya haujawahi kushindwa. Watu waliochimba matuta kwa hiari yao na kuirudishia uhai nchi iliyohukumiwa kuwa jangwa wana uwezo wa kuotesha ukanda wa vichaka kando ya vijito vyao. Wanachostahili ni kuambiwa ukweli mzima: kwamba ndege huyu hana nchi nyingine duniani, kwamba hifadhi chache alizonazo hazimtoshi, na kwamba walinzi wake halisi ni wao.